Kwa Nini Hofu Hufia Mwishoni: Ugumu wa Kumaliza Filamu na Tamthilia za Kutisha

Januari 2012, filamu ndogo ya mapepo iitwayo The Devil Inside iliingia katika kumbi za sinema za Marekani. Ilikuwa imegharimu takriban dola milioni 1, na wikiendi yake ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 33. Kisha watu wakafika mwishoni. Wahusika wamo ndani ya gari, pepo anahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, gari linapata ajali, skrini inakuwa nyeusi, na maandishi yanatokea yakimwelekeza mtazamaji kwenye tovuti akajisomee zaidi kuhusu kesi ile. Basi, imekwisha. CinemaScore, kampuni inayowauliza watazamaji maoni yao usiku wa kwanza wanapotoka ukumbini, ilikusanya majibu yao na filamu ikapata F, alama ya chini kabisa.

Mfano huo umekithiri, lakini lalamiko lenyewe tunalisikia kila mara: ilianza vizuri, mwisho wakaiharibu. Mimi ni mpenzi wa filamu hizi, na kwa muda mrefu nimeona lawama ikiangushiwa sababu isiyo yenyewe. Husemwa kwamba mwandishi aliishiwa mawazo. Mara nyingi mawazo yapo tele. Kilichotokea ni kwamba hadithi nzima ilijengwa juu ya swali moja, "ni kitu gani kile?", na swali hilo halina jibu zuri. Likijibiwa, hofu inayeyuka. Lisipojibiwa, mtazamaji anajiona ametapeliwa. Njia ya kupita katikati ipo, ila inabidi ichimbwe tangu dakika za kwanza, na siku hizi kuna nguvu kadhaa zinazowazuia watunzi kuichimba. Nitaeleza nguvu hizo, na katika kueleza nitafichua miisho ya filamu na tamthilia kadhaa, kwa hiyo asiyetaka kuijua mapema ajihadhari.

Usilolijua ni usiku wa giza, na hofu ya sinema hufanya kazi ndani ya giza hilo. Mlango uliofungwa unatisha kuliko chumba kilicho wazi, kwa sababu mtazamaji mwenyewe ndiye anayekijaza chumba, tena anakijaza kwa kile anachokiogopa yeye, si kwa kile ambacho bajeti iliruhusu kitengenezwe. Stephen King, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu fasihi na filamu za kutisha, anasimulia wazo alilolipata kwa mwandishi William F. Nolan. Nyuma ya mlango kuna kitu kinakwaruza. Mlango ukifunguliwa na akatokea mdudu wa futi kumi, watu watapiga kelele, lakini ndani ya kelele hizo mna nafuu: walikuwa wamekwisha kuogopa kwamba ni wa futi mia. Na akitokea wa futi mia, watashukuru kwamba si wa futi elfu. Kila umbo lina kipimo chake, na kabla halijaonekana halikuwa na kipimo.

Mwanafalsafa Noël Carroll, katika kitabu cha mwaka 1990 kuhusu falsafa ya sanaa za kutisha, alijaribu kueleza kwa nini watu hulipa fedha ili wahisi vibaya. Jibu lake ni udadisi. Zimwi, anasema, ni kitu kisichoingia katika makundi tunayoyajua: halihesabiki kuwa hai wala maiti, mtu wala mnyama. Ndiyo maana hadithi nyingi za aina hii ni hadithi za ugunduzi. Dalili zinaonekana, mtu mmoja anashuku, wengine wanambishia, ushahidi unapatikana, na hatimaye pambano. Tunaivumilia karaha kwa ajili ya raha ya kugundua. Nadhani Carroll yuko sahihi kwa sehemu kubwa ya filamu hizi, na kama yuko sahihi, tatizo la mwisho limo ndani ya muundo wenyewe. Udadisi unadai jibu, hofu inadai jibu lisije, na zote mbili zimekuwa zikilishwa na hadithi ileile kwa saa moja na nusu.

Watunzi wengi huchagua kuuridhisha udadisi, na kwa haraka. Ndipo tunapopata yale maelezo marefu ya dakika za mwisho, ambapo mhusika mmoja anasimama na kusimulia kila kitu. Hili halikuanza jana. Psycho ya mwaka 1960 ina daktari wa akili anayeingia karibu na mwisho na kuuchambua ugonjwa wa muuaji huku watu wameketi wakimsikiliza. Kinachoiokoa ni kwamba Alfred Hitchcock hakuishia hapo, bali alituingiza katika chumba alimofungiwa muuaji, tukaisikia sauti ya mama na kuuona uso ule. Longlegs ya mwaka 2024 inasimamisha uchunguzi wake ili mama wa mpelelezi atusimulie habari za wanasesere na aliyewatengeneza, na baada ya hapo ile filamu iliyokuwa imejaa kitu kisichoshikika inabaki na utaratibu tu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Us ya Jordan Peele, ya mwaka 2019, kwa sababu ndani yake mna mwisho unaopwaya na mwisho unaosimama imara. Karibu na kilele, Red, anayewaongoza watu wa chini ya ardhi wanaofanana na wale wa juu, anaeleza walitoka wapi: lilikuwa jaribio la kuwatawala watu wa juu, likashindikana, nao wakatelekezwa. Maelezo yanapotolewa tu, mtazamaji anaanza kupiga hesabu. Nani aliwashonea nguo zile zote nyekundu? Mikasi ilitoka wapi? Kabla ya maelezo hakuna aliyeuliza hayo, kwa sababu ndoto haiulizwi stakabadhi. Lakini dakika chache baadaye filamu inafichua jambo la pili: Adelaide, mama tuliyekuwa naye tangu mwanzo, ndiye aliyetoka chini na kumwacha msichana halisi mahali pake. Jambo hili halielezi chanzo cha kitu chochote. Linatueleza mtu, na linabadilisha kila alichokifanya mbele ya macho yetu. Maelezo ya kwanza yanaipunguza hofu, ya pili yanaizidisha, na yote yamo katika filamu moja, kwa mwandishi mmoja.

Kuna atakayeuliza kwa nini mwisho uwe na uzito hivyo, ikiwa mtu amefurahia dakika themanini kati ya mia. Kumbukumbu haigawi alama kwa dakika. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu walitumbukiza mkono katika maji ya baridi kali kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile zikifuatwa na 30 zaidi ambazo maji yalipashwa moto kidogo tu. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla, kwa sababu lilikwisha vizuri kidogo. Tunalikumbuka jambo kwa kilele chake na kwa mwisho wake. Kwa filamu ya vichekesho hilo si tatizo kubwa, maana kicheko cha dakika ya ishirini kilikwisha kulipa. Hofu, kwa upande wake, ni ahadi tangu mwanzo hadi mwisho: kila mlio wa dari katika dakika ya ishirini ni deni ambalo mwisho ndio unaolilipa.

Zamani deni hilo lililipwa kwa sheria. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934 na kuachwa mwaka 1968, zilitaka uovu usiachwe ushinde. Riwaya ya The Bad Seed inamwacha mtoto muuaji akiwa hai. Filamu yake ya mwaka 1956 ikampiga radi. Mwaka huohuo, studio iliona kwamba Invasion of the Body Snatchers ina mwisho wa kukatisha tamaa mno, ikaongezewa mwanzo na mwisho wa hospitalini ili watu watoke wakijua kwamba msaada unakuja. Mtazamaji wa enzi ile aliingia akijua giza litakwisha, na shauku yake ilikuwa kuona litakwisha vipi.

Kisha kufuli likavunjika. Mwaka 1968 George Romero alitoa Night of the Living Dead, ambamo Ben, steringi aliyepambana usiku kucha na kubaki hai, anapigwa risasi asubuhi na wale waliokuja kuokoa, wakidhani naye ni maiti anayetembea. Mwaka 1976 Carrie ya Brian De Palma ilitoa mkono kaburini wakati watu wameanza kutafuta viatu vyao gizani. Mwaka 1980 Friday the 13th ikamrusha mtoto kutoka ziwani. Miisho hiyo ilitikisa watu kwa sababu ilivunja mazoea. Miaka arobaini baadaye mazoea yamegeuka. Mtazamaji wa leo anajua kwamba ukimya baada ya pambano haudumu, kwamba maiti itafumbua jicho, kwamba mtoto aliyeokolewa atatabasamu vibaya mbele ya kamera. Mwisho mbaya umekuwa desturi kama ulivyokuwa mwisho mwema wa mwaka 1950. Na jambo likishakuwa desturi, halimtishi mtu, anakaa akilisubiri.

Hapa ndipo ninapoanza kutofautiana na wanaosema kwamba mwisho mchungu ni ujasiri. Kuua kila mtu mwishoni ni rahisi. Swali ni kama kifo hicho kimetokana na kitu ambacho hadithi imekiweka. Hili linaonekana wazi zaidi katika wimbi la filamu za mwongo uliopita ambazo zimwi lake ni huzuni, msiba wa familia, jeraha la utotoni. Filamu za namna hiyo hubeba hadithi mbili kwa wakati mmoja. Moja ni ya mzimu, nayo inahitaji mwisho wa kitendo: ufukuzwe, ushinde, au uhamie kwa mwingine. Ya pili ni ya moyo wa binadamu, na huzuni haichomwi moto wala haikatwi kwa shoka. Mtunzi akifika mwishoni anakuta ana milango miwili na ufunguo mmoja.

The Babadook ya Jennifer Kent, ya mwaka 2014, ilipata ufunguo unaofungua yote miwili. Amelia amefiwa na mume katika ajali, siku alipokuwa akimpeleka hospitali kujifungua, na mtoto wao amekua akiwa ukumbusho wa siku ile. Mwishoni zimwi halifi. Linaishi chini ya nyumba, na mama anashuka kulipelekea minyoo. Kwa upande wa mzimu hilo ni jibu: limedhibitiwa, na bado ni hatari. Kwa upande wa moyo ni jibu vilevile, maana huzuni ya namna ile haiondoki, inatunzwa. Sijaona filamu nyingi zilizofanya hivyo kwa kitendo kimoja kidogo namna ile.

Smile ya mwaka 2022 ilikwama palepale. Rose ni daktari wa akili aliyemwacha mama yake afe alipokuwa mtoto. Filamu inatushawishi kwa muda mrefu kwamba laana inayomwandama inakula jeraha hilo. Anarudi katika nyumba ya utotoni, anasimama mbele ya kitu kile, anakisema kilichomuuma miaka yote, anakichoma. Kisha tunaambiwa hayo hayakutokea. Kilikuwa kiinimacho, na laana inamwingia na kumteketeza mbele ya macho ya rafiki yake ili ihamie kwake. Kama hadithi ya laana, mwisho huo ni sawa kabisa, na sheria zake zimefuatwa. Kama hadithi ya jeraha, unasema kwamba kulikabili ni bure, jambo ambalo filamu haikuonyesha dalili ya kulifikiria. Sina ugomvi na mwisho usio na tumaini. Ugomvi wangu ni kwamba swali lililoulizwa kwa uzito limeachwa njiani ili laana ipate pa kwenda, na laana ilienda kweli, hadi Smile 2 ya mwaka 2024.

Hereditary ya mwaka 2018 ni kesi ngumu zaidi. Wahakiki waliisifu sana. Watazamaji wa usiku wa kwanza waliipa D+ katika CinemaScore. Wengi walihisi kwamba walikuwa wakitazama familia ikivunjika kwa msiba, ghafla wakajikuta katika sherehe ya kumtawaza pepo. Ukiirudia utaona kwamba alama zote zilikuwepo: nembo ya wafuasi wa pepo imechongwa hata kwenye nguzo iliyomuua binti. Mwisho ulikuwa umeandaliwa kwa uangalifu. Uliandaliwa, hata hivyo, katika hadithi ya pepo, na mtazamaji alikuwa amewekeza machozi yake katika hadithi nyingine. Mimi naiona ni kazi kubwa. Naelewa pia kwa nini mtu atoke amekasirika.

Kuna mkono mwingine unaoandika miisho, nao hauna jina kwenye bango. Studio huwa zinaonyesha filamu kwa kundi la watazamaji kabla haijatoka, zinapima maoni, kisha zinabadilisha. 28 Days Later ya Danny Boyle ilipigwa mwisho ambamo Jim anakufa hospitalini. Watazamaji wa majaribio waliuona mzito mno, filamu ikatoka mwaka 2002 Jim akiwa hai, na Marekani mwaka 2003 ule mwisho wa kwanza ukaonyeshwa ukumbini baada ya majina ya wahusika. The Descent ya Neil Marshall, hadithi ya wanawake waliokwama pangoni, iliisha Uingereza mwaka 2005 huku Sarah akizinduka na kujikuta bado yuko chini, kutoroka kwake kulikuwa ndoto. Toleo la Marekani la mwaka uliofuata lilikata kabla ya kuzinduka. Kwa kukata sehemu fupi tu, filamu ilipoteza tukio lililokuwa likifunga kila kitu: mama aliyefiwa na binti, akimwona binti yule gizani na kuamua kubaki naye.

I Am Legend ya mwaka 2007 iliumia zaidi. Mwisho wake wa kwanza ulimfanya daktari Neville atambue kwamba viumbe aliokuwa akiwakamata na kuwajaribia dawa walikuja kumfuata mmoja wao, na kwamba machoni pao zimwi ni yeye. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Filamu iliyotoka inamwonyesha akijilipua kwa guruneti ili dawa iokolewe. Utaona kwamba mwisho uliotupwa ulijibu swali la mtu, na uliobaki ulijibu swali la viumbe tu. Mwaka 2023 mwandishi Akiva Goldsman alisema kwamba sehemu ya pili inayoandaliwa itafuata ule mwisho uliotupwa.

Nisiwaonee watu wa studio, wala kura za majaribio. Get Out ya Peele, ya mwaka 2017, ilipigwa kwanza mwisho ambamo Chris, baada ya kuiponyoka familia iliyotaka mwili wake, anakutwa na polisi kati ya maiti za Wazungu na kufungwa. Peele aliubadilisha, alieleza kwamba alipoanza kuandika alitaka kuwaamsha watu, na filamu ilipokaribia kutoka aliona watu wamekwisha kuamka na wanahitaji kumwona steringi akiokoka. Katika mwisho uliotoka, taa za nyekundu na bluu zinatokea, Chris anainua mikono, na ukumbi mzima unajua kitakachofuata. Mlango wa gari unafunguka: ni rafiki yake, mlinzi wa uwanja wa ndege. Ule mwisho wa kwanza haukufutwa. Umehifadhiwa ndani ya sekunde zile chache, kama jambo ambalo kila mtazamaji alilitegemea bila kuambiwa. Furaha iliyolipuka kumbini ilitokana na hofu hiyo, na hofu hiyo ilitoka katika dunia halisi, kwa hiyo haikuhitaji maelezo.

Kwa hiyo si suala la mwisho mwema au mbaya. Tazama Ringu ya Hideo Nakata, ya mwaka 1998. Anayetazama kanda ya video atakufa baada ya siku saba. Reiko anafanya anachofanya kila steringi wa hadithi za mizimu: anatafuta chanzo, anaikuta mifupa ya Sadako, mzimu wa kanda ile, kisimani, saa yake ya kufa inapita akiwa hai. Swali la "ni kitu gani kile?" limejibiwa, na filamu ya kawaida ingeishia hapo. Kesho yake Ryuji, aliyemsaidia, anakufa, Sadako akitambaa kutoka kwenye televisheni. Mzimu haukuwa ukitafuta huruma. Reiko anagundua kilichomwokoa: alitengeneza nakala ya kanda na kumwonyesha mtu mwingine. Mwanawe naye ameitazama. Filamu inaishia Reiko akiwa barabarani kuelekea kwa baba yake yeye mwenyewe, ambaye ndiye atakayeonyeshwa. Sheria iliyokuwepo tangu mwanzo imegeuzwa kuwa uamuzi, na uamuzi huo unatisha kuliko nywele zote zilizofunika uso wa Sadako.

The Blair Witch Project ya mwaka 1999 haionyeshi zimwi hata mara moja. Studio iliyoinunua iliomba miisho mingine, watengenezaji wakaipiga, kisha wakabaki na wa kwanza: Mike, mmoja wa vijana waliopotea msituni, amesimama katika kona ya chumba, ametugeuzia mgongo. Walichoongeza ni mahojiano ya mwanzoni, ambamo mwenyeji wa pale anasimulia kuhusu muuaji aliyekuwa akimsimamisha mtoto mmoja kwenye kona huku akimuua mwingine. Tatizo la mwisho lilitibiwa dakika za mwanzo. Nalitaja hili kila mara ninapoulizwa kama mwisho wazi ni uvivu. Uvivu ni kutoweka ile sentensi ya mwanzoni.

Na The Mist ya Frank Darabont, ya mwaka 2007, ilikwenda mbali kuliko hadithi ya Stephen King iliyotokana nayo. King aliwaacha wahusika barabarani na tumaini kidogo. Darabont akaweka risasi nne na watu watano garini. Baba anawaua wengine, mwanawe akiwemo, ili wasiliwe na viumbe vya ukunguni, na dakika chache baadaye ukungu unatoweka na jeshi linapita. King aliusifu mwisho huo. Wengine wanauchukia hadi leo, nami siwalaumu, lakini sijasikia mtu akisema kwamba haukuwa na maana. Viumbe vya ukunguni havina nafasi katika tukio lile. Ni suala la baba na alichokiamini.

Tamthilia za mfululizo zina mzigo ambao filamu haina: muda. Hofu ni hali ya mwili, moyo ukidunda na misuli ikikaza, na mwili hauwezi kukaa hivyo kwa saa kumi, sembuse kwa miaka kumi. Tamthilia hulazimika kubadilisha hofu kwa fumbo, ili mtu arudi wiki ijayo, na fumbo likirundikwa juu ya fumbo jibu linalotarajiwa linakua kupita uwezo wa mwandishi yeyote. Twin Peaks ilibanwa na kituo cha televisheni cha ABC imtaje muuaji wa Laura Palmer katika msimu wa pili, mwaka 1990. Ilimtaja, watazamaji wakapungua, na mwaka uliofuata ikakatishwa. David Lynch alisema miaka yote kwamba siri ile haikupasa kufichuliwa.

Mwisho wenyewe pia unaweza kuwa hauna kibali. The Walking Dead ilidumu misimu 11 na vipindi 177, kuanzia 2010 hadi 2022. Kabla kipindi cha mwisho hakijarushwa, ilikwisha kutangazwa kwamba wahusika Daryl, Maggie, Negan, Rick na Michonne wataendelea katika tamthilia nyingine. Mtu aliyekaa kutazama mwisho wa hadithi kuhusu kifo alijua tayari nani hawezi kufa. Upande wa pili kuna wanaokatwa katikati. Archive 81 ilitoka Januari 2022, ikamwacha mhusika wake mkuu amezinduka katika mwaka 1994, na Machi mwaka huohuo Netflix ikaifuta. The Midnight Club ilifutwa miezi miwili baada ya kutoka, na Mike Flanagan akaandika mwenyewe kwenye ukurasa wake majibu ya mafumbo yaliyobaki. Naye alifanya vyema. Lakini jibu lililoandikwa kama taarifa linawaridhisha wadadisi na halimtishi yeyote.

Flanagan huyohuyo alionja lawama ya mwisho laini. The Haunting of Hill House ya mwaka 2018 ilitisha kwa vipindi tisa, na cha kumi kikawapatanisha watu wa familia ile na kuwaacha na keki na tabasamu. Alieleza baadaye kwamba alifikiria kuweka dirisha la Chumba Chekundu, kile kinachowanasa watu katika nyumba ile, nyuma yao katika tukio hilo, ishara kwamba hawajatoka nyumbani mle kamwe, kisha akaona ni ukatili. Naelewa huruma yake kwa wahusika. Hata hivyo nyumba ile ilikuwa imetufundisha kwa saa tisa kwamba chumba kizuri ndicho kinachokula watu, na tamthilia ikaacha kutumia somo lake lenyewe.

Miaka mitatu baadaye alitoa Midnight Mass, vipindi saba kuhusu kisiwa ambacho waumini wake wananyweshwa damu ya kiumbe cha ajabu, hadithi iliyofungwa tangu siku ilipotangazwa. Alikuwa ameibeba kwa miaka mingi, hata jina lake lilionekana kama jalada la kitabu katika filamu zake mbili za awali. Mwishoni mwa kipindi cha tano, Riley anapiga makasia hadi katikati ya maji pamoja na Erin, anamweleza amekuwa nini, na jua linachomoza na kumteketeza. Kuanzia hapo tunajua mapambazuko yana maana gani kwa kila aliyeinywa damu ile, na vipindi viwili vinavyobaki haviulizi tena kiumbe kile ni nini. Mpaka leo hakijaelezwa kilitoka wapi. Bev, muumini mkali wa kanisa la pale, anaamuru nyumba za kisiwa zichomwe, ili kanisa na ukumbi ulio jirani vibaki kimbilio pekee la wateule; Erin na wenzake wanayachoma hayo mawili pia, na kisiwa kizima kinabaki bila paa huku saa za usiku zikipungua. Kila kinachotokea baada ya hapo kinahusu watu wale watakavyozitumia saa walizobakiwa nazo, na nani atakaa na nani.